Kisima cha bibi kimetoa maji meusi kwenye chupa. Amu tunakunywa nini?

#1 Mwana_wa_Langoni

Asalaam aleikum wadau. Watoto wamelala, stima imerudi saa hii, na chupa ninayotaka kuwaeleza habari yake iko hapa dirishani. Nimeifunika kwa leso kwa sababu sitaki kuiona kila nikipita.

Nyumba yetu ni ya mawe, mtaa wa Langoni hapa mjini Amu (Lamu), ya bibi yangu mzaa mama. Kisima kiko kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani, mdomo wake mwembamba, na jiwe la ukingoni limelika kwa kamba mpaka limefanya michirizi ya kuingia kidole. Nimekulia maji hayo. Bibi alikuwa akiyachuja kwa kitambaa cha melimeli, akiyatia mtungini karibu na mlango wa jikoni, na kata ikining'inia juu yake. Yana chumvi kidogo, na kwangu hiyo ndiyo ladha ya maji. Nikienda Mombasa naona ya huko yamepwaya. Chooni tulikuwa na birika, lile tangi la maji la kujengewa, na ndani ya birika samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini palijengewa bakuli la Kichina ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Wageni wakija walipiga picha. Sisi tuliwapa samaki majina.

Bibi alikuwa na sharti moja: ikishapita alasiri, mlango haufungwi kwa mwenye ndoo. Mfereji ukikauka mtaa mzima huja kwetu. Alipofariki tuliendelea hivyo hivyo, maana kisima kile ni sadaka yake.

Basi Maulidi haya mpwa wangu anayesoma chuo kikuu alikuja na vichupa vyenye karatasi ndani. Akasema unatia maji, unafunga, unaweka mahali pa joto siku moja au mbili. Yakigeuka meusi, kuna vijidudu vya kinyesi. Nikamcheka. Tukajaza vinne: kisima chetu, mfereji, birika la msikiti wa jirani, na tangi la mvua la shangazi.

Asubuhi yake kichupa cha kisima kilikuwa cheusi kama wino wa ngisi. Cha msikiti vile vile. Cha tangi kilianza kijivu kikamalizikia weusi siku ya pili. Cha mfereji kilibaki cheupe.

Kilichoniuma si weusi. Kitindamimba wangu amehara mara tatu tangu Ramadhani, na kila mara nilijua sababu: barafu za yule mama wa kona. Nimemwendea mlangoni kwake, nikamwambia maneno mbele ya watu. Na mtoto anaporudi kutoka hospitali nampa maji ya kisima, yale "yetu", ili apate nguvu.

Nikifunge kisima? Na nikikifunga, nimwambie nini mwenye ndoo?

#2 PundaHanaBreki

Samaki wa birika ndio waliokuwa maabara ya zamani. Wakielea, usinywe.

Pole lakini dada. Na mama wa barafu umemwomba radhi?

#3 MzeeWaDaka

Mwanangu, waalaikum salaam. Mui huu ulikuwa na zisima kabla ya mfereji kuya. Babu zetu wamenwa mai hayo hayo, wakasafiri kwa majahazi mpaka Bara Hindi, wakarudi, wakaishi mpaka meno yakawaisha. Yeo mtu akiya na tupa na karatasi mwaona dunia imepinduka. Kisima cha bibi yako nakijua. Nimeteka mai pale nikiwa kijana. Usikifunge. Mwenye kufunga kisima cha sadaka amefunga mlango wa mayiti.

#4 Nesi_wa_Zamu

Mzee wetu, heshima yako. Lakini ruhusu nikujibu kama muuguzi.

Waliofika uzee tunawakumbuka kwa sababu walifika. Wale waliokufa na mwaka mmoja kwa kuhara hawana hadithi, wana makaburi madogo tu. Muulize bibi yeyote wa Amu alizaa wangapi na aliwalea wangapi, uone tofauti ya hizo hesabu mbili.

Halafu zamani ile si hii. Kisima cha Mwana wa Langoni kilipochimbwa, nyumba ilikuwa ya ukoo mmoja na choo kimoja. Siku hizi nyumba ile ile wamo wapangaji, juu kuna ghorofa, na kila ghorofa ina choo cha kuvuta maji. Kisima ni kile kile, kinachoingia ardhini ni mara nyingi zaidi.

Kuhusu kichupa: karatasi ina dawa yenye chuma ndani yake. Vijidudu vikizaliana hutoa ile gesi ya harufu ya yai viza, gesi ikikutana na chuma inageuka nyeusi. Si kipimo cha mwisho, kwa sababu kuna vijidudu vingine vya udongoni vinavyoweza kufanya hivyo. Chukulia ni moshi: umeuona, sasa tafuta moto. Peleka maji maabara. Omba chupa kwao iliyochemshwa, usitumie ya soda, uiweke kwenye barafu, na ifike siku hiyo hiyo.

Mtoto akihara tena: maji ya chumvi na sukari ya pakiti, zinki, na umlete. Usingoje siku ya tatu.

#5 FundiKisima

Nachimba visima na makaro ya vyoo Amu na Shela, kijiji cha jirani hapa kisiwani, tangu nikimshikia babangu kamba. Nina jambo la kusema na sina furaha nalo.

Mtu akiniita kuchimba karo, sharti lake la kwanza huwa hili: "Fundi, chimba mpaka uyaone maji, ndipo lisijae." Na kweli, karo lililofika kwenye maji halijai. Miaka kumi hulipi mtu kulizoa. Mwenyewe anafurahi, ananisifu kwa jirani, na jirani ananiita. Sasa jiulizeni, yale yote yaliyoingia yamekwenda wapi? Karo lisilojaa linajaza kisima cha mtu.

Mchanga unachuja, hilo si uongo. Maji machafu yakipita juu ya mchanga mkavu wa kutosha, polepole, vijidudu vingi hufa njiani. Lakini lazima kuwe na mchanga mkavu baina ya kitako cha choo na maji. Ukikiweka choo ndani ya maji yenyewe hakuna kinachochujwa, umeunganisha bomba tu. Watu wa afya husema choo na kisima vitengane mita 30. Mimi nimejaribu kupima Langoni. Ukitoka kwenye kisima ukihesabu mita 30 umepita nyumba tatu na msita (kichochoro) mmoja, na kila nyumba ina lake.

Sasa tazama kitu kingine, kwa sababu watu wanadhani mfereji ukiwa mweupe basi tumepona. Maji ya mfereji wa Amu yanatoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Kisiwa kimezungukwa na bahari, na chini ya kisiwa pia kuna bahari. Mvua ikinyesha kwenye vile vilima inazama hapo hapo, haitiririki. Ikifika chini inakuta maji ya chumvi, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi, yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Sisi tunakunywa yale mafuta.

Hesabu yake ni hivi: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake mna kama mita 40 za maji baridi. Unaona ni neema. Igeuze: ukivuta ukashusha ile ya juu nusu mita tu, chini umepoteza mita 20, na chumvi imepanda kukufuata. Ndiyo maana kisima kinachovutwa kwa pampu usiku na mchana kinaanza kitamu na kinaishia kukausha ulimi, na cha kamba na ndoo kinadumu miaka mia. Kamba inachosha mkono. Pampu haichoki.

#6 PundaHanaBreki

Fundi, umenitia hofu ya mchuzi.

#7 Sabaki_Mwekundu

Hodi kutoka Malindi.

Nyinyi wa Amu angalau uchafu wenu mnaujua kwa jina, ni wa jirani. Wetu unatoka Nairobi kwa miguu. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inashuka bara, inakutana na Tsavo inaitwa Galana, na ikikaribia kwetu inaitwa Sabaki. Kila kabila linaupa mto jina lake na kila mji unautia chake. Mvua za bara zikinyesha, bahari yetu hapa inageuka rangi ya chai ya maziwa, na mtalii anauliza hotelini kama kuna ajali ya meli.

Na maji ya kunywa yanatoka wapi? Baricho, kando ya mto huo huo. Ni visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa ukingoni, kwa hiyo mchanga unachuja, kama alivyosema fundi, kisha yanatiwa dawa na kusukumwa kuja Malindi, Kilifi, mpaka Mombasa. Nilipokuwa mdogo nilidhani Baricho ni mtu. Mfereji ukikauka mama alisema "Baricho amelala".

Mimi nikitazama glasi najiuliza huko juu wametia nini wiki hii. Kinyesi dawa inakiua. Lakini rangi za viwandani, dawa za mashambani, je? Hayo mchanga na klorini havina ubavu nayo sana. Sisemi maji ya mfereji ni mabaya, nayanywa. Nasema siku nilipoutazama ule mto kwenye ramani kuanzia juu mpaka chini, nilikaa kitako.

#8 Mpate_Halisi

Watu wa Amu mna raha, mnagombania kisima na mfereji. Njooni kisiwani Pate.

Kwetu ni jabia. Kwa asiyejua: ni sakafu kubwa ya saruji, imeinamia upande mmoja, mvua ikinyesha juu yake inateremka kwenye shimo lililojengwa na kufunikwa. Sakafu hiyo ni ya kijiji kizima. Mvua ya mwaka ikiwa nzuri jabia linajaa, tunapita kaskazi salama. Ikiwa mbaya, ifikapo Januari kata inagonga sakafu chini, na hapo ndipo unajua nani ana mashua na nani hana. Visiwa vya huku, Ndau, Kiwayu, hadithi ni hiyo moja. Kiunga walijengewa mtambo wa jua wa kutoa chumvi kwenye maji ya bahari mwaka 2018, na Wabajuni wa huko walifurahi, ila mtambo unataka fundi na vipuri na jabia linataka ufagio.

Ufagio wenyewe sasa. Sakafu ya jabia ni pazuri pa kuanika dagaa. Ni pazuri pa watoto kucheza mpira. Mbuzi analipenda, punda analipenda zaidi, na alichokiacha punda huko juu kinangoja mvua. Bibi zetu walikuwa wakali: mawingu ya kwanza yakionekana kusini, wanawake wanatoka na fagio za makuti, wanasugua, na mvua ya kwanza tundu linazibwa, maji yanamwagika nje. Haingii tone. Ya pili ndiyo inaingia. Siku hizi kila mtu anasema jabia ni la serikali, tundu liko wazi mwaka mzima na vyura wamehamia.

Tangi la shangazi yako Mwana wa Langoni limekuwa jeusi kwa hilo hilo. Paa lina mavi ya kunguru na popo. Mvua ya kwanza imwagwe!

#9 Mwana_wa_Langoni

Shukrani nyote. Mpate, nimempigia shangazi sasa hivi. Anasema yeye huikinga ya kwanza kwa makusudi, "ile ndiyo yenye baraka".

Nesi, nina swali. Nikichemsha maji ya kisima, si basi? Na hii chumvi itapungua kwa kuchemsha?

#10 Nesi_wa_Zamu

Kuchemsha kunaua vijidudu. Yakipiga povu la kweli, si yale ya kuanza kuimba, yatoshe. Yapoe ndani ya chombo kilichofunikwa, na uchote kwa kata yenye mkono mrefu, usiingize kikombe na vidole.

Chumvi haipungui, inaongezeka, kwa kuwa maji yanaondoka na chumvi inabaki. Na kuna kitu kingine kinachotoka vyooni ambacho moto haukiwezi, naitreti. Hakina rangi, hakina harufu, hakina ladha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita moja. Kikizidi, mtu mzima hatashtuka, lakini kichanga wa chini ya miezi sita anayechanganyiwa maziwa ya kopo kwa maji hayo anaweza kukosa hewa kwenye damu mpaka midomo ikawa buluu. Kwa hiyo maji ya kisima chenye choo ubavuni usimchanganyie kichanga, hata ukiyachemsha mara saba.

Asiye na gesi wala kuni: chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, maji yasiyo na tope, ilaze juu ya dari juani saa 6. Siku za mawingu iache siku 2. Jua la Amu halina bili.

Na mnaposema uchafu msisahau mbu. Mbu wa matende na busha anazaa kwenye makaro yaliyo wazi na mitaro iliyotuama. Ugonjwa huo hapa Kenya uko pwani, ni wetu. Samaki wa birika hawakuwa pambo.

#11 KifunguCha43

Wadau, Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Na Jedwali la Nne limewapa kaunti huduma za maji na usafi. Tusikae kuhesabu vyura, tudai.

#12 PundaHanaBreki

Nimekitia kifungu cha 43 mtungini tangu asubuhi. Hakijajaa.

#13 Mjenzi_Shela

Nimesoma kimya, lakini fundi amenigusa. Mimi ni mjenzi. Nyumba za wageni Shela nimejenga mimi na wenzangu, na mchanga wa kujengea kuna wakati ulitoka pale pale. Punda wawili, shogi nne, alfajiri. Tulijua vilima vile vimetengwa kuwa chanzo cha maji cha mji, tuliona tunachota mchanga, hatuchoti maji. Hakuna aliyetuambia mchanga wenyewe ndio tangi.

Sasa naona wanaokuja nyuma yetu wanajenga juu ya miteremko. Nyumba ina bwawa la kuogelea na majani ya kumwagiliwa, na mwenye nyumba huja wiki 3 kwa mwaka. Makaro yao tumeyachimba vile vile alivyosema fundi, mpaka tuyaone maji. Nasema wazi kwa kuwa nimekula hela hizo na sikujua. Leo najua.

Lakini msitupe lawama yote sisi wa mwiko. Wapi kwingine pa kazi? Watu wameongezeka. Kaunti hii mwaka 2009 ilihesabiwa watu 101,539, mwaka 2019 wakafika 143,920, na gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu kule bara limefunguliwa 2021. Wote hao wanakunywa. Vilima vya Shela havikuzaa.

#14 Sabaki_Mwekundu

Mjenzi, umesema neno la kiume. Huku kwetu wanaochota mchanga wa mto hawajafika hapo.

#15 FundiKisima

Mjenzi kaka yangu, karo si lazima liue. Kuna ya vyumba viwili, yaliyojengwa kwa saruji chini na ubavuni: uzito unatua chumba cha kwanza, maji yanapita cha pili, na yale ya mwisho yanatolewa juu juu, karibu na uso wa ardhi, kwenye mchanga mkavu, si chini. Linajaa, ndiyo. Linazolewa. Ndilo hilo watu hawalitaki, kulipa kuzoa. Na Amu gari haliingii misitani, kwa hiyo kuzoa ni ndoo na punda na usiku wa manane. Najua harufu yake, nimefanya. Lakini nikitajiwa bei na mteja huwa namwambia sasa: hii bei unailipa leo kwangu au kesho hospitali.

Wengi huchagua kesho.

#16 MzeeWaDaka

Nimesoma maneno yenu yote, mjukuu wangu akinisomea. Nimenyamaza siku mbili.

Hapo awali nalisema kwa hasira. Nawaongezea habari moya. Ng'ambo ya pili, Manda, kuna mui wa Takwa. Ulikuwa na msikiti mkubwa, nyumba za mawe, na kuta. Watu waliuhama karne ya 17 na sababu moya inayosemwa ni mai: zisima ziligeuka chumvi. Wakavuka mlango wa bahari, wakaya Shela. Shela ile ile munayoisema yeo. Na mpaka sasa watu wa Shela huvuka kwenda kwenye kaburi la nguzo la Takwa kuomba mvua. Mimi nimekwenda nikiwa mtoto, tukasoma, tukala, tukarudi na maji kupwa, mashua ikakwama mikokoni mpaka usiku. Nalidhani ni ziara. Sikujua twakwenda kumuomba Mngu mvua mahali ambapo watu walikimbia kiu.

Walikuwa na pa kukimbilia, wao.

Mwana wa Langoni, kisima si lazima kife. Ya kuoshea, ya kufulia, ya kumwagia kiwanda, yatoke pale. Ya kunwa, la. Sadaka ya bibi yako itabaki, na hakuna mwenye kuua kwa sadaka.

#17 Mpate_Halisi

Mzee, Allah akuweke. Ila kwenye Takwa nyinyi wa Amu mnapenda kusahau vita na Pate. Hatukuwa mbali.

#18 MzeeWaDaka

Wapate hamjaacha.

#19 KifunguCha43

Narudi na la maana. Kama visima vya mtaa mmoja vimepimwa na kuonekana, hiyo ni karatasi ya kupeleka mbele ya wawakilishi wetu. Kichupa kimoja ni maneno ya mtu. Vichupa 20 vya Langoni na Mkomani na Gardeni, kila kimoja na jina la mtaa na umbali wa choo cha karibu, ni jambo. Mpwa wako ana vingapi vimebaki?

#20 Nesi_wa_Zamu

Naunga mkono, kwa sharti moja: msiandike jina la mwenye kisima. Mtaa tu. Nimeona Amu mtu akisusiwa kwa dogo kuliko hili.

#21 Mwana_wa_Langoni

Nimekawia kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi ya kufanya kwanza, na nilikuwa nikiikwepa.

PundaHanaBreki uliniuliza swali tangu mwanzo nikajifanya sikuliona. Jana baada ya magharibi nilichukua sahani ya vitumbua nikaenda kwa mama wa barafu. Alinifungulia, akanitazama, akanikaribisha ndani kana kwamba sikumwambia lolote siku ile. Nikamweleza habari ya kichupa. Nikamwambia barafu zako hazikuwa na kosa, nimekudhulumu, nisamehe.

Akanyamaza. Kisha akaniuliza kichupa cheusi ni cha kisima gani. Nikasema chetu.

Akasema, "Na mimi barafu natengenezea maji gani, mwanangu? Mfereji unatoka usiku mara mbili kwa wiki. Nachota kwenu."

Tangu siku za bibi. Kila alasiri, ndoo mbili, mlango ukiwa wazi.

Tulikaa tukatazamana. Akaenda akalifungua friza, akatoa barafu zote, za ukwaju na za rozi, akazimwaga kwenye karo la jikoni moja moja. Nilimwambia angoje tupime kwanza. Hakungoja. Hela ya wiki ile nimemlipa nusu, nusu amekataa.

Kwa hiyo leo asubuhi fundi mmoja (si wewe FundiKisima, wewe tutakuja kukutafuta kwa karo) ametuwekea kifuniko cha mbao chenye bawaba, na nimeandika kwa chaki juu yake: YA KUOSHEA TU. Mlango haujafungwa. Aliyekuja wa kwanza alikuwa kijana wa jirani na ndoo yake, akasoma, akaniuliza, "Kwani tangu lini?" Nikamwambia tangu zamani, hatukujua.

Mama wa barafu sasa anachemsha. Mimi namwekea mitungi miwili ya mfereji usiku ukitoka, maana yeye huwahi kulala.

KifunguCha43, vichupa vimebaki 11. Mpwa anasema akipewa nauli ya mizigo ataleta vingine 30 wiki ijayo. Nani ana kisima Mkomani na hataki jina lake litajwe? Niandikieni faraghani.

#22 PundaHanaBreki

Mimi ninacho. Choo kiko hatua tisa. Nilikuwa nikiomba mtu asiulize.